Shajara ya riviu yangu: kuondoa floraidi kwenye maji ya Arusha

Oktoba, mada zimetoka

Mada zimetoka leo. Sisi kemia mwaka wa tatu mfumo wetu uko hivi, semista ya kwanza unafanya mapitio ya machapisho peke yako na supavaiza wako, semista ya pili ndio unaingia maabara kufanya kile ambacho mapitio yamekuonyesha hakijafanyika au kimefanyika nusunusu. Kwa hiyo riviu ikiwa mbovu na maabara yako nayo imeharibika kabla hujashika bika. Ndio maana nimeamua niwe naandika hapa kila nikipata nafasi, kwanza nijue nimefika wapi, pili wale wadogo zangu wa mwaka wa pili wanaonisumbua WhatsApp kila siku "bro riviu inafanywaje" wapate pa kusoma waniache nile.

Darasani wengi wamekimbilia nano. Nanopatiko za fedha, nanopatiko za zinki, yaani ukiweka nano mbele kila kitu kinasikika kikubwa. Mimi nimechukua floraidi, kuiondoa kwenye maji ya kunywa, Arusha na Kilimanjaro. Nimezaliwa Arumeru chini ya Mlima Meru na meno yangu yanajieleza yenyewe, maana floraidi ikizidi inayatia ukahawia, nikicheka tu mtu wa kaskazini anajua huyu chalii katokea upande gani. Nilivyoenda kwa Dokta, supavaiza wangu, asaini fomu akauliza kwa nini mada hii, nikamwonyesha meno. Alicheka sana, halafu akaniambia, "Sawa kijana wangu, lakini meno sio swali la utafiti. Kaandike swali."

Swali nililoandika usiku huo: njia gani ni bora zaidi ya kuondoa floraidi kwenye maji ya kunywa ya kaya za kaskazini mwa Tanzania? Limepita, fomu imesainiwa.

Oktoba, bado natafuta

Kutafuta makala ni kazi yenyewe, watu wanadhani ni kugugo tu. Ukiandika floraidi peke yake unaletewa dawa ya meno ya dunia nzima, maana kuna nchi ambazo shida yao ni kinyume na yetu, maji yao hayana floraidi ya kutosha kulinda meno yasioze, wanaiongeza makusudi kwenye bomba. Makala mamia kwa mamia za kuongeza. Sisi tunatafuta pa kuitoa.

Kilichonisaidia ni kukaa na karatasi na kalamu kabla ya kufungua laptopu, nikaandika kila jina ambalo kitu hiki kinaweza kuitwa. Wahandisi wa maji wanaandika "defluoridation", wanakemia wanaandika "fluoride removal", watu wa vifaa wanaandika "adsorption" na maji yenyewe yanatajwa kwa mbali. Ukitafuta kwa jina moja umepoteza theluthi mbili ya kazi za watu. Halafu mahali: Arusha, Meru, Arumeru, Hai, Kilimanjaro, Ngurdoto, na Bonde la Ufa lote kwa sababu Kenya na Ethiopia wana shida ileile na wamefanya kazi nyingi. Unaunganisha kwa OR ndani ya mabano na AND katikati. NOT nimeiogopa, ukisema NOT toothpaste inakutupia nje hata makala nzuri iliyotaja dawa ya meno mara moja kwenye utangulizi.

Kitu kingine, makala nyingi za kwetu haziko kwenye majarida makubwa. Ziko kwenye mikutano ya wahandisi wa maji, ziko kwenye ripoti za Wizara. Ile ya Dahi na wenzake ya 1996 kuhusu kutumia njia ya Nalgonda hapa Tanzania, ya ndoo mbili, iko kwenye machapisho ya mkutano, na kila makala ya baadaye inaitaja. Nimeifikia kwa kufuata orodha za marejeo za watu wengine, sio kwa kutafuta. Mwaka wa pili, sikieni hapo: ukipata makala moja nzuri, soma marejeo yake yote, kisha bonyeza uone nani wameitaja baada yake. Unakwenda nyuma na mbele. Baada ya muda majina yanaanza kujirudia, yakijirudia sana jua umekaribia ukuta.

Malipo. Ukurasa unafunguka vizuri unasoma abstrakti mate yanakutoka, chini kidogo unaambiwa lipa zaidi ya dola 30 kwa makala moja. Bumu lenyewe limeshaisha. Dada wa maktaba, Mungu ambariki, kanionyesha kwamba chuo kina akaunti ya Research4Life ambayo ni kwa ajili ya nchi kama zetu, nusu ya milango ikafunguka hapohapo. Zilizobaki nikawaandikia waandishi wenyewe, barua pepe fupi ya heshima, mimi ni mwanafunzi wa fulani nafanya hiki naomba nakala. Mzee mmoja kanijibu usiku uleule, katuma PDF na nyingine ambayo sikuomba. Watu wanapenda kusomwa aisee.

Zotero, programu ya kutunza marejeo, nimeiweka. Siielezei, wekeni tu.

Novemba mwanzoni

Nasoma. Nimeamua nianze na kwa nini maji yetu yana floraidi, maana huwezi kuzungumzia kuitoa kama hujui imekujaje.

Mlima Meru ni volkano ya miamba ya alkali, ukanda wote ule wa Bonde la Ufa uko hivyo, na kaskazini zaidi kuna Oldoinyo Lengai ambayo ni volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu. Mvua inanyesha mlimani, maji yanazama, yanapita kwenye majivu na miamba hiyo miaka na miaka, yanatoka chini yamebeba sodiamu na baikabonati kwa wingi lakini kalsiamu kidogo sana. Na hapo ndipo siri ilipo. Kalsiamu ingekuwa nyingi ingeikamata floraidi na kuzama nayo kama fluoraiti, CaF2, ambayo haiyeyuki kirahisi. Kalsiamu haipo, basi floraidi inabaki inaogelea na hakuna wa kuishusha. Nilivyosoma hivyo nikaelewa kitu ambacho nyumbani tulikuwa tunakiona lakini hatukijui, kwamba yale maji mepesi yanayotoa povu la sabuni haraka, ambayo kila mgeni anayasifia, ndiyo yenye shida. Chemchemi inatoka safi, baridi, tamu. Kwa jicho hujui, kwa ulimi hujui.

Historia yake nayo nimeipenda. Daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901 akakuta wenyeji wana meno ya kahawia, akahangaika na jambo hilo miaka thelathini, akashuku maji lakini hakujua ni nini kwenye maji. 1931 ndio mkemia Churchill wa kampuni ya alumini ya ALCOA akapima maji akakuta floraidi. Miaka thelathini! Na kilichokosekana siku zote hizo kilikuwa ni kipimo, daktari bila mkemia alikuwa anazunguka. (Hii nimeiweka kwenye utangulizi kwa raha zangu, naona Dokta ataifuta.)

Novemba katikati, jedwali

Dokta kasema nisiandike hata aya moja kabla ya jedwali. Kila makala mstari mmoja: nani, mwaka, wapi, njia gani, floraidi ya kuanzia, ya kumalizia, walipima kwa nini, kikwazo. Nimefungua Excel. Makala zilizobaki baada ya kuchuja ni arobaini na kitu, na mchujo wenyewe nimechora ule mchoro wa PRISMA wa masanduku, ingawa Dokta kasema riviu yangu sio ya kimfumo kamili, nichore tu ili msomaji aone nilichotupa na kwa nini.

Njia zenyewe kwa ufupi, kwa wasiojua. Kuna Nalgonda, imeitwa kwa jina la wilaya huko India, unaweka shabu na chokaa, unakoroga, unaacha mabonge yatulie, floraidi inashuka na tope. Kuna mkaa wa mifupa, mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo kwenye tanuri, inasagwa, maji yanapita katikati, floraidi inachukua nafasi ya haidroksaidi kwenye apataiti, madini ya mfupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, pale Arumeru, ndio nyumbani kwa kazi hii kwa Tanzania. Kuna alumina iliyoamshwa, yaani oksidi ya alumini yenye vitundu vidogo vinavyonasa floraidi. Kuna utando wa osmosisi kinyume, ambao unahitaji umeme na hela. Na kuna msururu wa vitu vya kienyeji, udongo mwekundu, boksaiti, maganda ya hiki na kile, kila mwezi linatoka jipya.

Jedwali limeanza kunichanganya kwenye safu ya "imefaulu?".

Tanzania mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda cha floraidi, mwisho miligramu 8 kwa lita, kwa sababu wangeweka cha chini vijiji vingine visingebaki na chanzo chochote cha maji. Baadaye kikashuka kikawa 4. WHO, Shirika la Afya Duniani, wao ni 1.5 tangu 1984, na sasa hivi kwetu pia ni 1.5. Sasa angalia, kichujio kilichotoa maji ya 3.5 makala ya zamani inakisifia kimefaulu, makala mpya inasema kimefeli, na kichujio ni kilekile, maji yaleyale. Ukisoma hitimisho za watu tu bila kuangalia namba utaandika kwamba "matokeo yanatofautiana" wakati hayatofautiani hata kidogo, kilichosogea ni mstari. Nimefuta safu ya "imefaulu" yote, nimeweka namba peke yake.

Kwenye meno nako hivyohivyo. Wengine wanapima florosisi, yaani hayo madoa ya floraidi kwenye meno, kwa kipimo cha Dean, cha miaka ya 1930 na 40, wengine kwa TF cha Thylstrup na Fejerskov cha 1978 chenye ngazi 0 mpaka 9. Kwa TF jino linakaushwa kwanza kwa hewa ndipo linaangaliwa, na jino kavu linaonyesha mistari myeupe midogo ambayo kwenye jino lenye mate inajificha. Kwa hiyo mtoto mmoja, siku moja, anaweza kuwa "mashaka" kwa huyu na "ana florosisi" kwa yule. Halafu mtu anachukua asilimia za vijiji viwili zilizopimwa kwa vipimo viwili anaziweka kwenye grafu moja. Mimi ningekuwa mhariri ningerudisha.

Novemba mwishoni, umeme hakuna

Naandika kwa simu. Leo nimegundua kitu kwenye upande wa vipimo vya maji ambacho kimenifurahisha kuliko vyote mpaka sasa, na roommate wangu ambaye anasoma sheria nimemweleza akasema "hongera" kwa sauti ya mtu anayetaka nizime tochi.

Iko hivi. Floraidi unaipima ama kwa elektrodi ama kwa njia ya rangi ya SPADNS. Zote mbili zinasumbuliwa na alumini, kwa sababu alumini inaishika floraidi kwa nguvu, na floraidi iliyoshikwa kipimo hakiioni. Kwenye elektrodi dawa yake ni kuongeza TISAB, myeyusho ambao una kitu cha kuikamata hiyo alumini ili iachie floraidi, na pia unaweka pH mahali pake. Sasa njia ya Nalgonda inafanya nini? Inamwaga shabu, na shabu ni salfeti ya alumini! Maana yake maji yakishatibiwa kwa shabu yanaweza kubaki na alumini iliyoishika floraidi, na mtu akipima kwa SPADNS au kwa elektrodi bila TISAB ya kutosha, atasoma namba ndogo, atafurahi, ataandika makala, na floraidi bado iko kwenye glasi. Nimerudi kwenye jedwali kuongeza safu ya "TISAB?" na makala kadhaa hazisemi. Sio kwamba hawakuweka. Hawasemi. Na usiposema msomaji hana cha kufanya na namba yako.

Kesho namtumia Dokta drafti ya kwanza ya sehemu ya njia.

Desemba, drafti imerudi

Imerudi. Wino mwekundu kama kawaida ya wazee hawa, anachapa, anasahihisha kwa mkono, anakupa karatasi. Sehemu ya kemia kaipenda. Ya McKay kaiacha, kumbe. Lakini kila mwisho wa aya, pembeni, kaandika neno moja na alama ya kuuliza: "Kwa hiyo?"

Mfano nimeandika "Fulani (2009) alitumia mkaa wa mifupa na kupunguza floraidi kwa asilimia kadhaa. Fulani (2013) alitumia alumina na kupunguza kwa asilimia kadhaa. Fulani (2016) alitumia udongo..." Pembeni: Kwa hiyo? Ukurasa mzima umejaa Kwa hiyo. Nikaenda ofisini kwake nikamwambia Dokta mimi si nimepitia machapisho kama ilivyosemwa, akaniambia nimeyapanga mstari mmoja na kuyasomea majina, hilo hata katibu wa mahudhurio anaweza. "Wakae kwenye chumba kimoja wabishane, wewe ndio mwenyekiti. Nani kapinga nani? Kwa nini huyu kapata tofauti na huyu?"

Nimetoka pale nimenuna, nikala chipsi mayai kwa hasira, halafu nimesoma tena ule ukurasa nikiwa nimeshiba na kweli, ni mahudhurio.

Desemba, likizo, nyumbani

Niko Arumeru kwa Krismasi. Baridi tamu. Nimekuja na makala kwenye simu nikasema nitasoma, nimesoma chache, lakini jikoni kwa mama nimejifunza zaidi.

Mama alikuwa anapika makande, kachota magadi katia kwenye sufuria maharage yaive haraka, kama siku zote, na mimi nimekula makande hayo maisha yangu yote. Sasa kuna kazi za Mabelya na wenzake wa miaka ya 1990 zinazohusu hayo magadi hasa, na floraidi iliyomo, na florosisi kwa watoto ambao hata maji yao ya kunywa hayana floraidi kubwa. Na majani ya chai nayo, mti wa chai unakusanya floraidi kutoka kwenye udongo unaiweka kwenye majani. Kwa hiyo maji, magadi, chai. Nikamweleza mama. Akasikiliza vizuri mpaka mwisho, akasema, "Na ulivyokuwa chuoni ulikuwa unayataka sana haya makande." Basi.

Kwa jirani yetu kuna ndoo ya kichujio cha mkaa wa mifupa, walipewa zamani kwenye mradi fulani, leo inahifadhi mbegu za maharage. Nikamuuliza mama mkubwa mwenye nyumba kwa nini waliacha. Sikutegemea jibu nililopata. Nilidhani atasema harufu, au mifupa ya mnyama kwenye maji ya kunywa, maana kwenye makala hiyo ndiyo sababu inayotajwa sana, watu wana wasiwasi mifupa ni ya mnyama gani. Yeye kaniambia: "Mwanangu, maji yalikuwa yanaingia meupe yanatoka meupe, yanaingia matamu yanatoka matamu. Nitajuaje kimechoka?"

Nimeandika hapohapo kwenye simu. Mkaa ukishajaa floraidi hauonyeshi dalili yoyote, maji yanaendelea kupita kama jana. Mtu wa maabara ana elektrodi, mama mkubwa ana macho na ulimi. Makala ngapi kwenye jedwali langu zinasema mtumiaji atajuaje siku ya kubadilisha? Nikirudi chuoni naongeza safu.

Januari

Nimerudi. Nimeongeza safu ya mama mkubwa, na nikiwa hapo nikaongeza nyingine ambayo nilikuwa naiona pembeni tangu Novemba bila kuipa jina: "maji gani?"

Hiyo safu imepindua kila kitu.

Nimerudia kusoma sehemu ya mbinu peke yake kwenye kila makala. Sio abstrakti, sio hitimisho. Na kwenye makala nyingi kuliko nilivyodhani, hasa kwenye hizi za vifaa vipya, maji yaliyotumika sio maji ya kisima wala chemchemi. Ni maji ya distiledi, yasiyo na madini, yaliyowekwa floraidi ya sodiamu. Unapima poda yako, unatia kwenye chupa, unatikisa, unachuja, unapima. Ni sawa kwa kuanzia, hata mimi ningeanza hivyo, kwa sababu unataka kujua kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tatizo ni mtu akitoka hapo anaruka moja kwa moja kusema kifaa hiki kinafaa kwa jamii za Bonde la Ufa.

Kumbuka maji ya Meru yakoje. Yana baikabonati nyingi na pH iko upande wa alkali. Alumina iliyoamshwa inafanya kazi vizuri zaidi kwenye pH ya 5 mpaka 6 hivi, ukipanda juu haidroksaidi zinagombea viti vilevile na floraidi, na baikabonati nayo inagombea. Kwa hiyo uwezo uliopimwa kwenye maji ya distiledi, ambako floraidi ilikuwa peke yake haina mpinzani, ukiuleta kwa mama mkubwa unaporomoka. Na kingine, ule uwezo wa juu kabisa wanaoutangaza, unaokokotolewa kwa mlinganyo wa Langmuir, wanaupata kwa kuanza na floraidi nyingi mno ambayo hakuna kisima cha kijiji kinayo. Namba inavimba. Ukifananisha namba hiyo na ya mtu aliyetumia maji halisi yenye miligramu chache kwa lita na kichujio kinachotiririsha, yule mkweli ndio anaonekana dhaifu.

Mkaa wa mifupa kwenye majedwali ya watu siku zote uko chini, unaonekana kitu cha zamani. Lakini ndio uliopimwa sana kwa maji halisi na watu halisi. Mjengera na Mkongo 2003 wanaeleza uzoefu wa Tanzania na wanauegemea. Kaseva 2006 anaangalia kuuchoma upya ukishachoka, nyuzi 500 za Selsiasi ndio zilifanya vizuri, na uwezo aliopata ni mdogo, chini ya miligramu moja kwa gramu, na kausema hivyohivyo ulivyo. Nakuru, Kenya, programu ya maji ya jimbo Katoliki iliendelea mbele wakaunganisha mkaa na chembe za kalsiamu na fosfeti ili udumu zaidi. Hizi ndizo kazi ambazo ukizisoma unaona mtu alikanyaga tope. Na joto la kuchoma nalo sio mchezo, ukichoma kidogo maji yananuka na kubadilika rangi, ukizidisha mkaa unakuwa mweupe na uwezo unapotea.

Nikaenda kwa Dokta na jedwali tu, bila drafti. Nikamwambia swali langu la Oktoba halijibiki. Huwezi kusema njia gani ni bora wakati kila mmoja kapima kwa maji yake, kwa kiwango chake, kwa kipimo chake. Swali linalojibika ni hili: njia hizi zimepimwa kwa maji gani, na kati ya matokeo hayo ni yapi yanaweza kuaminika kwa maji ya sodiamu na baikabonati ya chini ya Mlima Meru?

Akakaa kimya anaangalia jedwali muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo?" Safari hii nilikuwa na jibu. Kwa hiyo semista ijayo nisitengeneze kifaa kipya, nichukue mkaa wa mifupa wa kawaida niupime kwa maji mawili sambamba, ya distiledi na ya chemchemi ya nyumbani, floraidi ikiwa sawa, nione pengo ni kubwa kiasi gani. Akasema andika.

Februari, naandika

Kuandika kumekwenda haraka kuliko nilivyoogopa, kwa sababu jedwali lilishaandika. Nimeacha mpangilio wa makala moja aya moja. Sehemu zangu sasa ni maji, kipimo, uwezo, na mtumiaji, na kwenye kila sehemu hao kina fulani wanakutana wanabishana kama Dokta alivyotaka. Utangulizi nimeuandika mwisho. Magadi na chai vimepata aya moja tu, Dokta kasema viko nje ya swali lakini msomaji akiondoka bila kujua atadhani maji ndio kila kitu.

Saitesheni Zotero imefanya, nimepita kwa jicho moja moja maana majina yetu ya Kiafrika inayapindua, la ukoo linakuwa la kwanza na la kwanza la ukoo.

Chuo kinapitisha kazi kwenye programu ya kupima ufanano, yangu ikanirudishia rangi sehemu ya mbinu za kupima, sababu sentensi za kueleza TISAB ni zilezile dunia nzima. Nimezigeuza kidogo, Dokta kasema zisimame.

Kuchapa na kubaindi steshenari ya nje ya geti. Foleni yote ni sisi, wote tuna flashi mkononi, wote tuna sura moja.

Machi, prezentesheni

Dakika kumi na slaidi. Nimeanza na picha ya glasi mbili za maji, nikawauliza ipi ina floraidi, wakabishana pale, nikaendelea.

Maswali yalikuwa matatu ya maana. Mhadhiri mmoja wa kemia ya uchambuzi kauliza nimewezaje kuzilaumu makala zisizotaja TISAB wakati labda waliitumia. Nikajibu sijawalaumu kwamba hawakuitumia, nimeziweka kundi la "haijulikani" na nikaonyesha hitimisho langu likiwa nazo na likiwa bila nazo. Kanitazama juu ya miwani, akaandika kitu. Wa pili kauliza kwa nini nisipendekeze tu watu wahamie chanzo kingine cha maji, na kweli pale inapowezekana ndio jibu bora kuliko kichujio chochote, kuleta maji yenye floraidi ndogo kutoka mbali au kuyachanganya, na nimelisema kwenye ukurasa wa mwisho. Kuna kaya ambazo bomba hilo halitafika karibuni. Swali la tatu lilitoka kwa mwanafunzi mwenzangu wa nano, kauliza kama kifaa chake nacho nimekiweka kwenye jedwali. Nimekiweka, safu ya "maji gani?" nimeandika distiledi. Darasa lilicheka, yeye pia.

Masahihisho madogo, nimeyamaliza jioni ileile. Imepokelewa.

Machi, kabla ya semista kuanza

Nimeongea na mama kwenye simu, kaka yangu anakuja Dar na basi wiki ijayo atanibebea maji ya chemchemi. Nimewaambia dumu liwe la plastiki na sio chupa ya kioo, lisuuzwe na maji yaleyale kwanza, lijazwe mpaka juu, liandikwe tarehe na mahali. Mama kasema majirani watadhani chuoni tumekosa maji ya kunywa.

Mifupa nimeshaongea na muuza supu wa karibu na hosteli, ananiwekea. Tanuri la idara liko zima, linafika nyuzi ninazotaka, shida ni kuzuia hewa, fundi wa maabara kasema tutatumia kibati chenye mfuniko na tutaona. Kesho asubuhi naenda kuulizia elektrodi ya floraidi kama bado inashika kipimo, maana mara ya mwisho niliiona kwenye droo haina kifuniko, na nani ana ufunguo wa kabati la kemikali za TISAB.